Anayepimwa ni Nani?

Mnamo Machi 1985, watafiti wa Marekani walikabidhi ripoti kuhusu watu 1,154. Wote walikuwa wameishi Pennhurst, taasisi ya jimbo la Pennsylvania iliyofunguliwa mwaka 1908 kwa ajili ya watu wenye ulemavu wa akili. Tangu mwaka 1979 watafiti hao walikuwa wakiwafuatilia mwaka baada ya mwaka, kwa fedha za serikali ya shirikisho, ili kujibu swali moja: watu hawa wakitolewa katika taasisi na kupelekwa kuishi katika nyumba ndogo ndani ya jamii, wakisaidiwa na wahudumu wanaolipwa na serikali, hali yao itakuwa bora au itazorota?

Jibu lilikuwa kwamba hali yao ilikuwa bora. Waliohama walipiga hatua kubwa zaidi katika kujimudu kuliko wenzao waliobaki. Familia nyingi zilizopinga uhamisho mwanzoni zilibadili msimamo baada ya kuona ndugu zao wanavyoishi. Hata gharama kwa serikali haikupanda. Mtu yeyote anayebuni tathmini ya mradi wa serikali kwa watu wenye ulemavu wa ukuaji hawezi kuipita kazi hii bila kuisoma.

Lakini kuna swali ambalo watafiti hawakulazimika kulijibu, kwa kuwa takwimu ziliwaendea vizuri. Tuseme matokeo yangekuwa kinyume. Tuseme waliohama hawakujifunza lolote jipya: asiyejua kufunga vifungo vya shati alibaki hajui, na asiyejua kuhesabu sarafu alibaki vilevile. Je, ingekuwa sawa kuwarudisha?

Ukijibu hapana, kama ninavyojibu mimi, basi inabidi ueleze tathmini ile ilikuwa ya kazi gani.

Tuanze na mahali penyewe. Mwaka 1968 mwanahabari wa televisheni, Bill Baldini, aliingia Pennhurst na kamera. Watazamaji wa Philadelphia waliona mabweni yaliyofurika, watoto waliofungwa kwenye vitanda, na watu wazima waliokaa siku nzima bila shughuli yoyote. Mwaka 1974 kesi ikafunguliwa, na mwaka 1977 Jaji Raymond Broderick akaamua kwamba haki za wakazi zilikuwa zimekiukwa. Katika uamuzi huo kuna habari za mlalamikaji wa kwanza, binti aliyeingia Pennhurst akiwa na umri wa miaka 12. Alipoingia alikuwa na maneno yake machache: la kumwita baba, la kumwita mama, la kukataa, la kuaga. Katika miaka 11 alipata majeraha zaidi ya 40 yaliyorekodiwa. Kufikia wakati wa kesi hakuwa akisema tena.

Taasisi hiyo iliitwa shule na hospitali. Msichana aliingia na maneno, shule ikamwacha bila hata moja. Kama kuna mwanafunzi aliyefeli hapo, hakuwa yeye.

Ndipo tunapofika kwenye tatizo la kipimo. Chombo kikuu cha tathmini ya Pennhurst kilikuwa orodha ya uwezo wa kujimudu: kula, kuvaa, kwenda msalani, kuzungumza, kutumia pesa. Kila mtu alipewa alama, na mwaka uliofuata akapewa tena. Watafiti waliwalinganisha waliohama na waliobaki, wakioanisha watu wenye hali zinazofanana ili tofauti itakayoonekana itokane na makazi. Ni ubunifu mzuri wa utafiti. Hata hivyo, sindano ya mizani ilielekezwa kwa mtu, ilhali kilichokuwa kizimbani ni serikali.

Jiulize ni nani mwingine anayepimwa hivi. Wewe unayesoma haya huenda ulitoka kwa wazazi wako ukiwa na miaka ishirini na kitu, ukapanga chumba, ukaanza kupika mwenyewe. Pengine miaka mitatu baadaye bado wali unakuunguzia na kodi unailipa ukiwa umechelewa. Hakuna ofisa aliyegonga mlango na orodha ili kuamua kama urudishwe nyumbani kwa sababu hujaendelea vya kutosha. Kukaa kwako pale ni haki yako, na haki haidai alama za kufaulu. Kwa mtu mwenye usonji, mtindio wa ubongo au sindromu ya Down, tunageuza mambo: kuishi kama watu wengine kunakuwa zawadi anayopaswa kuistahili kwa kuonyesha maendeleo. Akidumaa, mradi umeshindwa. Mradi ukishindwa, bajeti inakatwa, na anayebeba hasara ni yuleyule aliyedumaa.

Mtu anaweza kunijibu kwamba nimesahau historia. Congress ilikuwa imepitisha sheria mwaka 1975 yenye tamko la haki za watu wenye ulemavu wa ukuaji. Kesi ya Pennhurst ilipofika Mahakama ya Juu ya Marekani, majaji walisema mwaka 1981 kwamba tamko hilo halikuunda haki ambayo mtu angeweza kuidai mahakamani. Haki ilipokosa meno, takwimu zilisaidia kuziba pengo. Wanasiasa wasiotaka kusikia habari za utu walisikia habari za gharama. Pande zilifikia makubaliano, na Pennhurst ikafungwa mwaka 1987. Naelewa mkakati huo, na pengine bila takwimu safari ingekuwa ndefu zaidi. Ila hoja iliyojengwa juu ya gharama huanguka siku gharama inapobadilika. Ripoti yenyewe ilionyesha kwamba huduma za katika jamii zilikuwa nafuu kwa kiasi kikubwa kwa sababu wahudumu wake walilipwa mishahara midogo kuliko ya watumishi wa taasisi. Sehemu ya akiba ile, basi, ilitoka mifukoni mwa wanawake na wanaume waliokuwa wakiwaosha na kuwalisha watu hao.

Sasa nigeukie upande wangu mwenyewe wa hoja, kwa sababu nao una hatari yake. Ukisema hili ni suala la haki, kuna kishawishi cha kuongeza kwamba basi hakuna haja ya kupima chochote. Mwaka 1996 David Strauss na Theodore Kastner walichapisha uchambuzi wa kumbukumbu za jimbo la California. Baada ya kuzingatia tofauti za afya na umri, walikadiria kwamba hatari ya kifo ilikuwa kubwa kwa asilimia 72 kwa watu walioishi katika jamii kuliko kwa waliokuwa katika taasisi. Ubishi mkali ukazuka. Watafiti wengine walihoji data na namna ya kulinganisha, na tafiti zilizofuata hazikukubaliana. Sina nia ya kuamua ubishi huo hapa. Ninachotaka kukitazama ni namna watu walivyoupokea. Waliotaka taasisi zibaki waliishika namba ile kama silaha. Miongoni mwa waliotaka zifungwe, wapo waliotamani isingechapishwa kabisa.

Wote wawili walikosea kwa njia moja: walidhani namba ile inajibu swali la kama watu wana haki ya kuishi mitaani kwetu. Haiwezi kulijibu. Lakini kuna swali jingine inaloliuliza kwa sauti kubwa: mtu asiyeweza kueleza maumivu anapougua usiku katika nyumba yenye mhudumu mmoja, ni nani anayegundua, gari linatoka wapi, na daktari gani anamjua? Mtu akifa kwa sababu hakuna aliyejua kwamba anakabwa na chakula, haki yake ya kuishi katika jamii haikutekelezwa. Alihamishwa tu. Kwa maoni yangu hapa ndipo kazi ya tathmini ilipo. Haki huamua tunakwenda wapi. Ushahidi hutuambia barabara ipi ina mashimo. Mtathmini anayetumia mashimo kama sababu ya kufuta safari ametoka nje ya kazi yake, na anayeyaficha ili safari isifutwe anawaua abiria.

Kwa hiyo kanuni yangu ya kwanza ni hii: apimwe mtoa huduma. Badala ya kuuliza kama mtu amejifunza kuvaa, uliza kama kuna aliyemfundisha, kwa saa ngapi, na kama alipewa nafasi ya kuchagua nguo. Badala ya kuuliza kama anazungumza, uliza kama walio karibu naye wamejifunza kuielewa lugha yake, hata kama ni ya macho na vidole. Maendeleo yake yakirekodiwa, yarekodiwe kama habari njema. Yasiwe ndiyo kodi ya nyumba yake.

Kanuni ya pili inahusu nani anajibu. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na bado tathmini nyingi za miradi hii hujazwa na watu wasiolala kitandani humo: mzazi, mhudumu, meneja. Sababu inayotolewa ni kwamba watu wenye ulemavu wa akili hawatoi majibu ya kuaminika. Sababu hiyo ina ukweli ndani yake. Mwaka 1981 Carol Sigelman na wenzake walionyesha kwamba wengi wao, wakiulizwa maswali ya ndiyo au hapana, huelekea kusema ndiyo. Ukimuuliza mtu kama kwa kawaida ana furaha, atasema ndiyo. Baadaye ukimuuliza kama kwa kawaida ana huzuni, atasema ndiyo tena.

Unaweza kuyasoma matokeo hayo kwa namna mbili. Ya kwanza: watu hawa hawawezi kuhojiwa, tuwaulize walezi wao. Ya pili: mtu aliyeishi miaka mingi mahali ambapo kusema hapana kulimletea adhabu amejifunza kusema ndiyo, na swali letu limekaa vibaya. Siwezi kuthibitisha kwamba woga ndio chanzo pekee; maswali yenyewe pia humchanganya mtu. Lakini watafiti walipobadilisha maswali yakawa ya kuchagua kati ya mambo mawili, au wakatumia picha, majibu yalitulia zaidi. Ina maana kwamba sehemu ya ulemavu ilikuwa ndani ya hojaji.

Mfumo wa viashiria ulioanzishwa na wakuu wa idara za majimbo ya Marekani mwaka 1997 ulichukua msimamo ninaoupenda. Hojaji ya ana kwa ana imegawanywa sehemu mbili. Katika sehemu moja, mtu mwingine anaweza kusaidia kujibu, kwa kuwa inahusu mambo yanayoonekana na wengine: nani alichagua nyumba, nani anapanga ratiba ya siku. Katika sehemu nyingine, inayohusu anavyojisikia, hakuna anayeruhusiwa kujibu kwa niaba yake. Asipoweza au asipotaka, nafasi inabaki wazi. Wanatakwimu hawapendi nafasi zilizo wazi. Mimi naona nafasi iliyo wazi ni ya kweli kuliko furaha iliyojazwa na mtu mwingine, tena mara nyingi ni mtu ambaye ajira yake inategemea jibu lenyewe.

Mambo haya yanatuhusu sisi wa Afrika Mashariki moja kwa moja, ingawa hatukujenga Pennhurst nyingi. Kwetu, anayebeba mzigo ni familia, na serikali inapotoa msaada huupitishia humo. Kenya ina mpango wa ruzuku kwa watu wenye ulemavu mkali, ulioanza mwaka 2011 na ambao sasa uko chini ya Inua Jamii. Kiwango ni shilingi 2,000 kwa mwezi. Walengwa ni watu wanaohitaji uangalizi wa kudumu, na anayepokea pesa kwa niaba yao ni mlezi. Sina ugomvi na utaratibu huo. Mama anayemhudumia mtoto mwenye mtindio wa ubongo usiku na mchana anastahili zaidi ya shilingi 2,000.

Lakini fikiria umepewa kazi ya kuutathmini mpango kama huo. Chombo kilicho karibu ni hojaji ya kaya. Utauliza kaya inakula milo mingapi, ina mabati au nyasi, watoto wangapi wako shuleni. Namba zikipanda, utaandika kwamba mpango umefaulu. Inawezekana kabisa kwamba katika kaya hiyo ndugu wamerudi shuleni, paa limerekebishwa, na yule ambaye jina lake ndilo lililoleta pesa bado yuko chumba cha nyuma, amelazwa ubavu uleule tangu asubuhi. Hojaji haina mahali pa kumwona. Asiyekuwepo na lake halipo, walisema wazee. Huyu yupo, jina lake limeandikwa kwenye daftari la malipo, na bado lake halipo.

Tatizo huanzia hata kwenye kuhesabu. Sensa ya Kenya ya mwaka 2019 iliuliza kuhusu ugumu wa kuona, kusikia, kutembea, kukumbuka au kumakinika, kujihudumia na kuwasiliana, kwa watu wenye umri wa miaka 5 na zaidi. Ilipata takriban watu laki tisa, yaani asilimia 2.2. Maswali hayo yalisifiwa, na kwa haki, kwa kuacha kuuliza kama nyumbani kuna mlemavu. Hata hivyo, kwa kawaida mtu mmoja hujibu kwa niaba ya kaya nzima, na swali kuhusu kukumbuka halimshiki kwa urahisi kijana mwenye usonji anayekumbuka namba ya kila matatu iliyopita lakini hawezi kuvuka barabara peke yake. Mtoto wa miaka mitatu, umri ambao msaada ungemfaa kuliko wakati mwingine wowote, hayumo kabisa. Ukibuni tathmini kwa kuchukua sampuli kutoka kwenye hesabu hii, utakuwa umewaacha nje wale ambao mradi ulishindwa kuwaona tangu mwanzo, kisha utasifu mradi kwa kuwafikia walioonekana.

Limebaki swali la kulinganisha. Ili ujue ruzuku imeleta nini, unahitaji watu wasioipata. Mpango wa Kenya wa ruzuku kwa mayatima na watoto walio katika hatari ulipotathminiwa kuanzia mwaka 2007, bahati nasibu iliamua maeneo yapi yaanze na yapi yangoje. Wengi huona ukatili katika jambo hilo. Mimi naona inategemea. Pesa zisipotosha wote, kura huweza kuwa ya haki kuliko kalamu ya mtu anayewajua baadhi ya waombaji na hawajui wengine. Kinachoharibu ni kungoja kusikokuwa na mwisho, au kuwaombea watu ridhaa wakati hawana njia nyingine. Historia ya Willowbrook, taasisi ya New York, inatosha kuwa onyo. Kuanzia miaka ya 1950 watoto wenye ulemavu wa akili waliambukizwa homa ya ini makusudi kwa ajili ya utafiti. Wazazi walitia saini. Ila kuna kipindi ambapo taasisi ilikuwa imejaa na haipokei watoto wapya, na nafasi zilizobaki zilikuwa katika wodi ya utafiti. Saini ya mzazi aliyefungiwa milango yote isipokuwa mmoja haiwezi kuitwa ridhaa. Mtathmini anayefika kijijini na hojaji pamoja na beji ya wizara inayolipa ruzuku anapaswa kulikumbuka hilo kabla ya kusema kwamba kila mtu alikubali kuhojiwa.

Najua mwenye kulipia tathmini atasema nini. Atasema kwamba waziri anataka namba moja ya kupeleka bungeni, na mimi namletea nafasi zilizo wazi na maswali kuhusu nguo. Hoja yake ni nzito: mradi usio na namba ndio hukatwa wa kwanza. Basi apewe namba. Apewe idadi ya watu waliotembelewa na kuonekana kwa macho, sio kaya zilizohesabiwa. Apewe idadi ya waliougua na kufika hospitali ndani ya siku moja, na idadi ya waliokufa, pamoja na sababu. Apewe idadi ya walezi waliopata hata siku moja ya kupumzika. Apewe idadi ya watu walioulizwa wenyewe, kwa njia wanayoielewa, na idadi ya wale ambao hatujajua bado jinsi ya kuwauliza. Hiyo ya mwisho iwekwe kwenye ukurasa wa kwanza, kwa kuwa ndiyo inayoonyesha ni kiasi gani cha ripoti nzima kinasimama juu ya maneno ya watu wengine.

Yule binti wa Pennhurst alikuwa na neno la kukataa. Tathmini ya miaka ile ingeweza kumpa alama kwa kujua kulitamka, na kumpunguzia alipolipoteza. Tathmini ninayoitaka mimi ingeuliza kama kuna siku yoyote, katika miaka ile 11, alipolisema na mtu mzima akalitii.